Kibudu si chakula cha paka: namna ya kulinda nyumba dhidi ya mafua ya wanyama

Kuku amekufa usiku. Asubuhi anakutwa chini ya kichanja, shingo imepinda, kinyesi cha kijani kimegandia manyoya ya mkiani. Kwa kuwa kibudu hakiliwi, anatupiwa mbwa, au anaachwa jalalani ambako paka atamfikia kabla jua halijapanda. Iwe Ujiji, Gungu, Mwanga au Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, hakuna anayeona ajabu. Watu wamejikinga vizuri wao wenyewe, kisha wamempa mzoga mnyama atakayelala usiku huo huo kwenye mkeka wa watoto.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kitendo hicho kimoja. Ukifika katikati ukachoka, kumbuka hili: mnyama wa nyumbani hupata homa hatari ya mafua kwa kula au kunusa ndege mgonjwa, nawe unaweza kuuziba mlango huo kwa beleshi, sufuria na sabuni.

Kwanza, mafua gani?

Neno "mafua" linatuchanganya, kwa sababu tunaliita hivyo kila kitu kinachotoa makamasi. Paka wengi wanaopiga chafya mitaani kwetu, macho yakiwa na tongotongo na midomo ikiwa na vidonda, wanaumwa virusi vya paka wenyewe, ambavyo havimpati binadamu. Mbwa anayekohoa kikohozi kikavu kama aliyekwamwa na mfupa huwa na kikohozi cha kuambukizana mbwa kwa mbwa. Akitoa usaha puani, nyayo zikawa ngumu na taya likacheza-cheza lenyewe, hiyo yaelekea ni distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, nayo haimpati mtu. Kwa hiyo chafya peke yake si sababu ya kumfukuza paka, wala kumpiga mawe.

Influenza ya kweli, virusi vya aina A, ni jambo jingine. Mbwa wana aina zao mbili zinazojulikana. H3N8 ilitoka kwa farasi ikaonekana kwa mbwa wa mashindano ya mbio huko Florida mwaka 2004. H3N2 ilitoka kwa ndege barani Asia, na mwaka 2015 ikasambaa Chicago. Hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa na mafua hayo ya mbwa.

Kwa paka hali ni nzito zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2016, mafua ya H7N2 yaliwapata mamia ya paka katika vituo vya kuhifadhi wanyama jijini New York, na daktari wa mifugo aliyewahudumia akaambukizwa. Aliumwa kidogo tu akapona, lakini kisa hicho kilionyesha kwamba njia ya kutoka kwa paka kwenda kwa mtu ipo. Halafu kuna H5N1, ile inayoitwa kwetu homa kali ya mafua ya ndege. Hiyo humuua paka kwa siku chache. Mwaka 2004 nchini Thailand, chui milia wa bustani moja walilishwa kuku wabichi wenye ugonjwa, na zaidi ya mia moja wakafa au wakalazimika kuuawa. Mwaka 2023 paka wengi walikufa Poland. Mwaka 2024 huko Texas, paka wa mashambani walikufa baada ya kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe walioambukizwa. Soma upya mifano ya Thailand na Texas utaona inasema kitu kimoja: paka huugua kutokana na kile alichokula.

Na mtu? Tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitika kupata H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Wengi walikuwa wameshika, wamechinja au wamenyonyoa ndege wagonjwa. Kupata ugonjwa huu kutoka kwa paka ni nadra sana. Lakini paka hulala kifuani, hulamba vidole vya mtoto, hupigia chafya sufuria, na virusi hivi hubadilika kila vinapopata mwili mpya. Nadra haimaanishi upuuze.

Kwa nini Kigoma ijali? Tuko kwenye maji. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, linaloanzia upande wetu hadi Tabora, ni ardhi oevu yenye hadhi ya kimataifa, na kati ya Oktoba na Aprili hupokea ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia. Mwaka 2017 jirani zetu Uganda walikuta mafua ya ndege ya H5N8 kwa ndege wa porini waliokufa kando ya Ziwa Victoria, na kwa kuku na bata wa kufugwa pia. Bata ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana anaweza kubeba virusi bila hata kuonyesha dalili. Bata anayeogelea ziwani mchana na kulala banda moja na kuku usiku ni daraja. Mtenge na kuku. Ukuta wa matete unatosha, mradi wasile chombo kimoja wala kunywa maji mamoja.

Chakula cha paka na mbwa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Virusi vya mafua hufa nyama inapofika nyuzijoto 70 hadi ndani kabisa. Wengi wetu hatuna kipimajoto cha jikoni, basi tumia macho: pasua kiungo cha paja. Kama mfupa una damu au nyama ni ya pinki, haijaiva. Majimaji yanayotoka yawe meupe, si mekundu. Utumbo, vichwa, miguu na mapafu, ambavyo ndivyo hupewa paka na mbwa, vichemshwe dakika 20 kamili zikihesabiwa tangu maji yaanze kutokota, si tangu sufuria ilipowekwa jikoni. Watu hukosea hapo: hutia maji, hutazama povu la kwanza, huepua. Vichwa vya kuku vina mifupa mnene na ubongo wa mafuta. Nje panatokota huku ndani ni vuguvugu.

Kugandisha kwenye friji hakuui virusi, baridi huvihifadhi. Kuanika nyama juani au kuibanika juu juu nako usikutegemee. Mayai yachemshwe hadi kiini kiwe kigumu. Maziwa yachemshwe hata kama ni ya paka tu. Mifupa ya kuku iliyoiva itoe, maana hupasuka kama vijiti vyenye ncha na hutoboa utumbo.

Habari njema ya Kigoma ni samaki. Samaki hawabebi influenza hii, kwa hiyo dagaa wa Ziwa Tanganyika na vichwa vya migebuka ndicho chakula salama kuliko vyote kwa paka wako kwa upande wa mafua. Paka aliyeshiba dagaa asubuhi huwinda ndege kidogo zaidi mchana. Hataacha kabisa, ndivyo alivyoumbwa, ila njaa ndiyo inayompeleka jalalani. Kwa paka wa kilo 3, kiganja kimoja cha dagaa waliochemshwa bila chumvi, na ugali kidogo, asubuhi na jioni, kinatosha.

Siku ya kuchinja, mfunge mbwa na mfungie paka ndani mpaka umalize. Damu iliyomwagika ifukiwe kwa majivu au udongo papo hapo, manyoya yatiwe shimoni, maji ya kunyonyolea yasimwagwe uani. Kunyonyoa ndiyo hatua ya hatari kuliko kuchinja kwenyewe, kwa sababu manyoya yanapong'olewa vumbi laini la kinyesi na ute hupaa hadi usoni. Mwaka 2006 nchini Azerbaijan, watu walionyonyoa mabatamaji wa porini waliokufa waliambukizwa H5N1 na baadhi yao wakafariki. Tumbukiza kuku kwenye maji ya moto kwanza, mnyonyoe akiwa amelowa, fungeni barakoa, na watoto wasikae pembeni.

Na lile la "kumuwahi kisu" kuku aliyezubaa? Acha. Tunajua inauma kupoteza kuku wa shilingi elfu kadhaa. Lakini kuku anayewahiwa kisu ndiye mwenye virusi vingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, na anashikwa na mikono ya watu watatu kabla hajafika sufuriani.

Kuku akifa: hatua kwa hatua

1. Ondoa watoto, mfunge mbwa, mfungie paka. Fanya hivi kabla hujamgusa ndege.

2. Hesabu. Kama amekufa mmoja na wengine wanakula na kuparua kama kawaida, endelea na kufukia. Kama wamekufa wawili au zaidi ndani ya siku mbili, au umeona bata au ndege wa porini wamekufa kando ya maji, usifukie kwanza. Mfunike kwa ndoo iliyopinduliwa, weka jiwe juu, kivulini, kisha mpigie bwana mifugo wa kata. Huenda akataka sampuli, na ndege aliyekwisha oza haifai.

3. Vaa glavu, barakoa na viatu vya kufunika vidole. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mifuko mbadala tunayotumia hupitisha maji, basi usiifanye glavu. Kama huna glavu, mbebe kwa beleshi bila kumgusa na umtie kwenye kiroba cha unga kilichofungwa mdomo.

4. Usimnyonyoe. Usimpasue kuona "amekufa na nini". Kupasua ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa.

5. Chimba shimo la kufika kiunoni, angalau mita 30 kutoka kisimani, mtoni au ziwani. Shimo la goti mbwa hulifukua usiku huo huo. Ndilo kosa tunaloliona mara nyingi. Tia chokaa au majivu, fukia, kandamiza, kisha panga mawe juu. Usimtupe ziwani. Kuchoma kwa majani makavu hakumalizi: manyoya huungua, katikati hubaki mbichi, na paka huvutwa na harufu ya nyama ya kuchoma.

6. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, fua nguo ulizovaa, na anika juani. Jua na ukavu huvimaliza virusi haraka. Tope na maji baridi ya kivulini ndiko vinakodumu kwa siku nyingi hadi majuma.

Neno moja kuhusu kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kwa macho huwezi kukitofautisha na mafua ya ndege. Vyote viwili huleta shingo kupinda, kuharisha kijani, upanga wa kichwani kugeuka bluu, na vifo vya ghafla. Ndiyo maana chanjo ya kideri ina faida mbili. Ukichanja kuku kila baada ya miezi mitatu, ni nadra wafe kwa kideri; na siku wakianza kufa kwa mkupuo ingawa wamechanjwa, unajua kuna jambo jipya. Kwenye boma lisilochanjwa, kila kifo huitwa kideri, na ugonjwa mgeni hupita mlangoni bila kuulizwa jina.

Paka au mbwa akiugua

Anza kwa swali, si kwa dawa: katika siku 10 zilizopita, amekula ndege, amebeba ndege mdomoni, au amekunywa maziwa mabichi? Jibu la ndiyo, pamoja na homa au kupumua kwa shida, linabadilisha kila kitu kinachofuata.

Mpime akiwa ametulia. Mtazame ubavuni akiwa amelala, hesabu mbavu zinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Paka mzima hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika. Akipita 40 hali amelala, ana shida. Paka anayepumua mdomo wazi ni dharura, hata kama hajakimbia wala hakuna joto. Mbwa huhema mdomo wazi kwa kawaida, paka hafanyi hivyo. Inua mdomo wa juu utazame ufizi: wa pinki ni mzima, mweupe au wa bluu ni hatari, wa manjano huenda ini lina shida. Bonyeza ufizi kwa kidole uachie. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili.

Joto hupimwa njia ya haja kubwa. Tumia kipimajoto cha dijitali, kipake mafuta mazito ya kujipaka, ingiza sentimita 2 tu, mtu mwingine akimshika paka aliyefungwa khanga mwili mzima kichwa kikiwa nje. Joto la kawaida kwa paka na mbwa ni kati ya 38 na 39.2. Zaidi ya 39.5 ni homa. Kipimajoto hicho kiwe cha wanyama milele, kiandikie kwa kalamu isiyofutika.

H5N1 kwa paka huja kwa kishindo. Jana alikuwa akiomba dagaa, leo amejikunyata kona ya giza, hataki kula, joto liko juu, anapumua kwa nguvu, macho yanatoka maji. Kesho anapepesuka, anagonga ukuta kama kipofu, anapata degedege. Akifika hapo wengi hawaponi.

Lakini hapa simama. Paka au mbwa anayepepesuka, anayetokwa udenda, aliyebadilika tabia ghafla, kwa mazingira yetu mtilie shaka kichaa cha mbwa kabla ya mafua. Usimfungue mdomo, usimpe dawa kwa mkono, usimkumbatie. Mfungie chumbani au mfunike kwa tenga zito, na mwite bwana mifugo. Aliyeng'atwa, aliyeparuzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kukatisha, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina dawa.

Kama ni mafua ya kawaida, anakula kidogo, anatembea sawasawa, mhudumie nyumbani hivi.

Mtenge kwenye chumba au stoo yenye dirisha, na chombo chake, maji yake na sanduku la mchanga au majivu la kujisaidia. Mhudumu awe mmoja, mtu mzima mwenye afya. Mjamzito, mzee, mtoto wa chini ya miaka 5, na mwenye kisukari, pumu au VVU wasimhudumie. Mbwa mwenye kikohozi atengwe angalau wiki 3. Anaweza kuonekana amepona wiki ya kwanza huku bado akitoa virusi vya mafua.

Pua ikiziba paka hali, kwa sababu hasikii harufu, na asichonusa hakitii mdomoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni pua. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kisirundikane. Yakiwa vuguvugu, lowesha pamba, lainisha magamba ya makamasi, futa kutoka kona ya jicho kuelekea nje, pamba mpya kwa kila jicho. Mara 3 kwa siku. Kisha mweke kwenye chumba kidogo kilichofungwa pamoja na ndoo ya maji yanayofuka mvuke, mbali naye asije akaitumbukia, kwa dakika 10. Usitie majani ya mkaratusi wala dawa ya kuchua yenye menthol au kafuri. Paka hawezi kuvihimili.

Pasha chakula kiwe vuguvugu, harufu itoke. Supu ya dagaa au ya kuku aliyeiva vizuri inafaa, lakini bila kitunguu maji na bila kitunguu saumu hata kidogo. Vitunguu huharibu damu ya paka na mbwa, na kwa kuwa kila supu yetu huanza na kitunguu, paka wengi wagonjwa hupewa sumu kwa huruma. Paka huhitaji takriban mililita 50 za maji kwa kila kilo kwa siku: wa kilo 3, mililita 150. Akikataa, tumia bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, lipitishe pembeni mwa mdomo nyuma ya jino refu, toa kidogo kidogo, kichwa kikiwa usawa wake wa kawaida. Ukimwinua kichwa juu kama mtoto anayenyweshwa dawa, maji huingia mapafuni, na mafua yanageuka nimonia.

Sasa dawa. Usimpe paka panadol. Si nusu, si robo, si ya maji ya watoto. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja parasetamoli. Damu yake hugeuka rangi ya kahawia, ufizi unakuwa bluu, uso unavimba, na anakufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huharibu figo na tumbo la paka na mbwa. Amoksilini uliyobakiza kwenye droo haiui virusi; daktari wa mifugo akiona kuna maambukizi ya bakteria juu ya mafua ataandika dawa na kipimo kwa uzito wake.

Mpeleke kwa daktari bila kungoja ikiwa: anapumua mdomo wazi, pumzi zinapita 40 hali amelala, ufizi umebadilika rangi, au paka hajala kabisa kwa saa 24. Piga simu kabla hujaenda, useme una mnyama mwenye mafua, ili usichanganywe na wengine kwenye foleni. Msafirishe kwenye tenga au boksi lenye matundu lililofunikwa khanga, si mikononi juu ya bodaboda.

Usafi: klorini inavyokosewa

Jik ya kawaida ina klorini ya asilimia 3.5, soma lebo uhakikishe. Kwa sakafu, vyombo na sanduku alimolala mgonjwa, kijiko kikubwa kimoja (mililita 15) kwa nusu lita ya maji kinakupa takriban asilimia 0.1. Kwa mahali palipotapakaa damu, matapishi au kinyesi cha ndege mgonjwa, tumia kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji, yaani asilimia 0.5. Acha dakika 10, kisha suuza na ukaushe kabla mnyama hajarudi.

Wengi humwaga Jik juu ya uchafu na kudhani wamemaliza. Uchafu huila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Ondoa uchafu kwanza, sugua kwa sabuni na maji, halafu ndipo klorini. Changanya mpya kila siku, kwa sababu iliyolala hupoteza nguvu. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, na usiimwage juu ya mkojo wa paka uliokolea ndani ya chumba kilichofungwa. Mvuke wake hukaba kifua. Sakafu ya udongo haisafishiki kwa klorini. Hapo fagia ikiwa imelowa ili vumbi lisipae, kwangua tabaka la juu ulifukie, tandaza majivu, fungua madirisha uache hewa na jua vifanye kazi.

Wewe ndiye unayeumwa

Njia hii haina upande mmoja. Wakati wa H1N1 mwaka 2009, paka mmoja huko Iowa aliambukizwa na watu wa nyumba yake, na baadaye wakaonekana wengine. Sisi wa Kigoma tuna mfano wa karibu zaidi: wageni wa Gombe hukatazwa kuwakaribia sokwe, kwa sababu magonjwa ya kifua ya binadamu yamewahi kuwaangamiza. Ukiwa na mafua na homa, usilale na paka, usimbusu, usimlishe chakula ulichokitafuna. Mtu mwingine amlishe. Kama uko peke yako, vaa barakoa na unawe kabla ya kushika chombo chake.

Na ikiwa umeshika ndege waliokufa, au umehudumia paka aliyekufa ghafla baada ya kula ndege, jihesabie siku 10. Homa, kikohozi, koo kuuma, macho kuwa mekundu na kuwasha, mwili kuvunjika, au kupumua kwa shida katika siku hizo ni sababu ya kwenda kituo cha afya mara moja, ukiwa umevaa barakoa. Kigoma kila homa huanza kuitwa malaria. Pima malaria, ni sawa, lakini kipimo kikisema hamna usirudi nyumbani kulala. Na kikisema ipo, bado mtaje kuku au paka. Mhudumu hawezi kukisia. Mwambie wazi: "Nilishika kuku waliokufa siku ya Jumanne, paka wangu akafa Ijumaa." Sentensi hiyo ndiyo itakayomfanya afikirie influenza na dawa ya kupunguza makali yake, oseltamiviri, ambayo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Mtoto mwenye homa ya mafua asipewe aspirini.

Kutoa taarifa

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya magonjwa ya aina hii. Anza na bwana mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji au mtaa. Wao humfikishia daktari wa mifugo wa wilaya, na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo Tabora. Kwa upande wa watu, Wizara ya Afya hupokea simu bure kupitia 199.

Usipige na kusema tu "kuku wanakufa". Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi: wamekufa wangapi kati ya wangapi, tangu siku gani, walichanjwa kideri lini, kuna bata au la, na wanaogelea wapi, kuna kuku wapya walionunuliwa mnadani ndani ya wiki mbili, paka au mbwa gani amekula mzoga, siku gani, na hali yake leo, na nani ndani ya nyumba ana homa. Mpaka mtaalamu afike, usiuze kuku, usimgawie jirani, usimpeleke yeyote Nguruka wala mnada mwingine, na acha paka akiwa amefungiwa.